Uzito wa Risasi: Somo la Wawindaji wa Ayala, na Linavyomhusu Mkazi wa Nairobi

*Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, lakini maswali kuhusu bunduki, risasi na nyama ya porini hayajaisha. Makala hii inaeleza jinsi uzito wa risasi unavyofanya kazi, na la kufanya ukikuta risasi nyumbani, kwenye taka au ndani ya mzigo wa safari.*

Kila mwezi wa Novemba unapofika, jamaa zetu wanaoishi Marekani huanza kutuma picha katika makundi ya familia ya WhatsApp. Binamu amevaa jaketi la rangi ya machungwa, amepiga goti msituni, na mbele yake amelala mnyama mwenye pembe zenye matawi. Huo ndio msimu wa kuwinda ayala huko ughaibuni. Maswali ya watu wa nyumbani huja papo hapo. Mnyama huyo ni yupi? Alitumia bunduki gani? Je, hapa Kenya naweza kufanya vivyo hivyo?

Swali la mwisho lina jibu fupi: hapana, huwezi. Maswali mengine yanahitaji maelezo. Tunayatoa hapa kwa sababu mkazi anayeelewa risasi inavyofanya kazi anaelewa pia kwa nini sheria yetu ni kali, kwa nini hapaswi kuweka risasi kuukuu kwenye kabati kama pambo, na kwa nini kufyatua bunduki hewani wakati wa sherehe si mchezo.

Kwanza, ayala si swala

Wengi wetu tulikutana na neno ayala kwenye Biblia ya Kiswahili. Hatukumwona mnyama mwenyewe, kwa sababu kusini mwa Sahara hakuna ayala wa asili. Katika Afrika nzima anapatikana upande wa kaskazini tu, huko Algeria na Tunisia. Wanyama wetu wanaofanana naye ni jamii ya swala: swala tomi, swala granti, mbawala, kongoni na pofu. Tofauti kubwa iko kwenye pembe. Pembe za ayala dume zina matawi, nazo hudondoka na kuota upya kila mwaka. Pembe za swala hazina matawi, na hubaki naye maisha yake yote.

Ayala anayewindwa zaidi Marekani ni yule wa mkia mweupe. Aliyekomaa huwa na uzito wa kati ya kilo 45 na 135 hivi, kutegemea jinsia na eneo. Kwa kipimo cha hapa kwetu, mdogo anakaribia mbawala dume mzima, na mkubwa anakaribia kongoni. Uzito huo wa mnyama ndio unaoanzisha hesabu yote ya risasi.

Greni ni nini?

Tunaposema risasi mtaani, huwa tunamaanisha kitu kizima kinachoingizwa kwenye bunduki. Kwa kweli kitu hicho kina sehemu nne. Kuna ganda, ambalo kwa kawaida ni la shaba nyeupe. Ndani ya ganda kuna baruti. Kwenye kitako kuna fataki ndogo inayowasha baruti ikigongwa. Mbele kabisa kuna kichwa cha risasi, na hicho pekee ndicho kinachotoka mtutuni na kwenda kumpiga mnyama. Ganda hubaki nyuma.

Mwindaji anapozungumzia uzito wa risasi, anamaanisha uzito wa kile kichwa. Hupimwa kwa greni, kipimo cha zamani cha Uingereza kilichotokana na punje ya nafaka. Greni moja ni takriban miligramu 65. Kwa hiyo kichwa cha greni 100 kina gramu 6.5 hivi, cha greni 150 kina gramu 9.7, na cha greni 180 kina gramu 11.7. Ni vitu vyepesi. Hata kile cha greni 180 kinatoshea kwenye ncha ya kidole.

Namba nyingine iliyoandikwa kwenye pakiti au kwenye kitako cha ganda haihusu uzito, inahusu kipenyo cha mtutu. Ukiona .30-06, ile .30 ni sehemu ya inchi, yaani milimita 7.62, na 06 inasimamia mwaka 1906 ambapo jeshi la Marekani liliipitisha. Bunduki moja yenye kipenyo hicho inaweza kupiga vichwa vya uzito tofauti, na hapo ndipo mwindaji anapolazimika kuchagua.

Chepesi na chenye mwendo, au kizito na cha polepole?

Baruti ya ganda moja ina nguvu yenye kikomo. Ikisukuma kichwa chepesi, kitatoka kwa kasi. Ikisukuma kizito, kitatoka polepole zaidi. Tuchukue hiyo hiyo .30-06. Kichwa cha greni 150 hutoka mtutuni kwa mwendo wa karibu mita 885 kwa sekunde. Cha greni 180 hutoka kwa mita 820 hivi. Ukikokotoa nishati kwa kanuni tuliyofundishwa sekondari, yaani nusu ya uzito mara mwendo kipeo cha pili, unapata karibu jouli 3,800 kwa cha kwanza na karibu jouli 3,900 kwa cha pili. Kwa nguvu ya mtutuni, vichwa hivi viwili karibu vinalingana.

Tofauti yao huonekana njiani na ndani ya mnyama. Kichwa chepesi huruka kwa mstari ulionyooka zaidi katika mita 200 za kwanza, kwa hiyo mpigaji hahitaji kuinua mtutu sana. Bunduki pia haimgongi sana begani, na mtu asiyeogopa kugongwa hulenga vizuri. Kichwa kizito cha umbo lile lile hupoteza mwendo taratibu zaidi kinapokwenda mbali, na upepo haukipeperushi kwa urahisi. Kikimfikia mnyama, huzama ndani zaidi, hata kikikutana na mfupa wa bega.

Ndiyo maana kwa ayala wa mkia mweupe wawindaji wengi wenye bunduki ya .30-06 au .308 huchagua kati ya greni 150 na 165. Anayekwenda kumtafuta elk, ayala mkubwa wa milimani ambaye dume wake huzidi kilo 300, hupanda hadi greni 180. Mwenye bunduki ndogo ya .243 hutumia greni 90 hadi 100 kwa ayala, akijua kwamba lazima asogee karibu na alenge kwa makini zaidi.

Katika nchi nyingine serikali haimwachii mwindaji uamuzi huo. Uskoti ina kanuni ya mwaka 1985 ambayo hadi mwaka 2023 ilisema kwamba risasi ya kumpiga ayala isipungue greni 100, isipokuwa kwa aina ndogo ya ayala anayeitwa roe, ambapo kiwango cha chini ni greni 50. Kanuni hiyo inataja pia mwendo na nishati ambavyo risasi haipaswi kupungukiwa. Sababu yake ni kumhurumia mnyama. Risasi nyepesi mno humjeruhi, akakimbia, na akafa siku tatu baadaye kichakani bila mtu kumpata.

Risasi nzito mno nayo ina hasara zake. Kichwa kilichotengenezwa kwa ajili ya mnyama mkubwa huweza kumpitia mnyama mdogo bila kufunguka, kikatoka upande wa pili na kuendelea na safari. Huacha tundu jembamba na mnyama anayekimbia, na kinaweza kumpata mtu aliye nyuma ambaye mpigaji hakumwona.

Uzito si kila kitu

Vichwa viwili vyenye greni 150 vinaweza kufanya kazi tofauti kabisa. Kile chenye ncha laini hufunguka kama ua kikigonga nyama, na upana wake huongezeka. Kile kigumu kilichofunikwa shaba chote hakifunguki. Wawindaji wa zamani walikitumia kwa tembo na kifaru, ambao mafuvu yao ni manene.

Kuna pia suala la madini, na lugha yetu imelibeba ndani ya neno lenyewe. Kwa Kiswahili, risasi ni silaha na pia ni jina la metali ile nzito ya kijivu. Kwa miaka mingi vitu hivyo viwili vilikuwa kimoja. Tatizo ni kwamba kichwa cha madini ya risasi hupasuka ndani ya mnyama na kutawanya chembe ndogo zisizoonekana kwa macho, ambazo huishia kwenye sahani. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini hayo mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaoathirika zaidi ni watoto wadogo na wajawazito. Ndege wanaokula mizoga hufa pia. Jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2013, na tangu Julai 2019 uwindaji wowote huko hufanywa kwa risasi zisizo na madini hayo.

Risasi nyingi za aina mpya ni za shaba tupu. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, hivyo kichwa cha shaba chenye urefu ule ule huwa na greni chache. Kwa vile hakipasuki vipande na karibu uzito wake wote hubaki pamoja, mwindaji anaweza kushuka kutoka greni 165 hadi 150 bila kupoteza kina. Jamaa yako wa Marekani akikuambia ametumia risasi nyepesi kuliko ya mwaka jana, huenda sababu ni hiyo.

Nairobi ilipokuwa mji wa wawindaji

Maneno haya ya greni na vipenyo yalikuwa ya kawaida katikati ya jiji letu zamani. Hoteli ya Norfolk, iliyofunguliwa mwaka 1904, ilikuwa kituo cha kuanzia safari za uwindaji. Mwaka 1934 chama cha wawindaji wa kulipwa wa Afrika Mashariki kiliundwa humo humo.

Wengi wenu mnaijua Maktaba ya McMillan iliyoko Banda Street, ambayo leo ni mali ya umma chini ya kaunti. Ilifunguliwa mwaka 1931 kwa kumbukumbu ya William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyekuwa na shamba Juja, na wakati huo Wazungu pekee ndio walioruhusiwa kuingia. Mwaka 1909 McMillan alimkaribisha shambani kwake Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani. Roosevelt alikuja na mwanawe Kermit, pamoja na bunduki za uzito wa kila namna. Alikuwa na Springfield ya .30-06 kwa swala, Winchester ya .405 yenye risasi ya greni 300, na bunduki ya mitutu miwili ya Holland & Holland iliyopiga kichwa cha greni 480, yaani gramu 31, kwa tembo, kifaru na nyati. Katika safari hiyo baba na mwana waliua wanyama zaidi ya 500, wengi wao wakapelekwa makumbusho ya Marekani.

Katika enzi hiyo hiyo Mskoti aliyeitwa W.D.M. Bell aliwinda tembo huko Karamoja, Uganda, kwa ajili ya pembe. Aliua zaidi ya 1,000, na wengi wao aliwaua kwa bunduki ndogo ya milimita 7 iliyopiga kichwa kigumu cha greni 173, karibu theluthi moja tu ya uzito ambao wenzake waliuamini. Bell alikuwa amepasua mafuvu ya tembo na kujifunza ubongo ulipo. Wawindaji bado hubishana juu yake, lakini somo wanalolikubali wote ni kwamba mahali risasi inapopiga panazidi uzito wake. Wengine waliojaribu kumwiga bila ujuzi wake waliwaacha tembo na majeraha, na mnyama mkubwa aliyejeruhiwa ni hatari kwa kijiji kizima. Kwa sababu hiyo nchi kadhaa za Afrika zinazoruhusu uwindaji ziliweka kipenyo cha .375 kuwa cha chini kabisa kwa wanyama hatari. Bunduki hiyo kwa kawaida hupiga kichwa cha greni 300.

Lililo muhimu kwetu ni ziada iliyotokana na ujuzi huo wote. Mafundi wa bunduki walizidi kuwa hodari, na wanyama walizidi kupungua. Hata baadhi ya wawindaji walianza kuona hivyo. Denys Finch Hatton, ambaye kaburi lake liko kwenye vilima vya Ngong, alipiga kelele mwishoni mwa miaka ya 1920 dhidi ya watu waliokuwa wakiwapiga simba wakiwa ndani ya magari huko Serengeti, akahimiza kamera badala ya bunduki. Mwaka 1946 Hifadhi ya Taifa ya Nairobi ilianzishwa, yenye kilomita za mraba 117, mlangoni mwa jiji.

Mei 1977: mlango unafungwa

Mwezi Mei 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji. Mwaka uliofuata biashara ya ngozi, pembe na vikumbusho vingine vya wanyama pori nayo ilikatazwa. Chama kile cha wawindaji kilichozaliwa Norfolk kilivunjwa mwaka huo huo wa 1977. Kwa muda, baadhi ya mashamba yaliruhusiwa kuvuna idadi maalumu ya wanyama chini ya usimamizi, na wakazi wenye umri watakumbuka nyama ya pundamilia ikiuzwa kihalali katika mikahawa ya Lang'ata. Mpango huo nao ulisimamishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 iliendeleza marufuku hayo, na inamgusa anayewinda kwa starehe na pia anayewinda kwa chakula. Wote wawili wana makosa. Sheria hiyo ilipopitishwa, iliweka kwa anayewinda ili ale faini isiyopungua shilingi 30,000, au kifungo kisichopungua miezi sita, au vyote viwili. Kwa anayewinda ili auze, au anayepatikana tu na nyama ya mnyama pori, faini iliwekwa isipungue shilingi 200,000, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Zingatia neno kupatikana. Mnunuzi naye ana kesi, hata kama hajawahi kushika bunduki.

Mambo matano yanayokuhusu leo

*1. Risasi kuukuu nyumbani.* Nyumba za zamani za Karen, Lang'ata, Kilimani na Lavington zimepita mikononi mwa watu wengi. Huenda siku moja, unaposafisha stoo au kubomoa ukuta, ukakuta boksi la risasi za enzi zile. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, kumiliki risasi bila cheti ni kosa, hata kama huna bunduki. Umri wa risasi hauondoi hatari. Fataki na baruti vinaweza kulipuka baada ya miaka mingi, na unyevu huweza kuvifanya vigeuke bila dalili ya nje. Usiziguse, usizisafishe, wala usijaribu kuzifungua ili uzipime greni zake. Waondoe watoto, piga picha ukiwa mbali kidogo, kisha pigia polisi kwa 999 au 112. Waache waje wazichukue. Usizibebe kwenye matatu kuzipeleka kituoni.

Ikiwa marehemu mzazi wako alikuwa na bunduki yenye leseni, leseni hiyo haikurithishi chochote. Ripoti kwa kituo cha polisi kilicho karibu nawe mapema, ukiwa na cheti chake na cheti cha kifo, ili upewe maelekezo ya Bodi ya Leseni za Silaha.

*2. Usizitupe kwenye taka.* Kuna anayeogopa maswali ya polisi, akaamua kuzifunga kwenye gazeti na kuzitia pipani. Pipa hilo hubebwa na mfanyakazi, hubanwa ndani ya lori, na mwisho wake ni Dandora, mahali ambapo taka hushika moto mara kwa mara na watu huchambua kwa mikono mitupu. Risasi ikipata joto hulipuka. Nje ya mtutu kichwa hakiendi kwa kasi ileile, lakini ganda hupasuka na vipande vyake huweza kumtoboa mtu jicho.

*3. Mizigo ya safari.* Jamaa anayerudi likizo baada ya msimu wa ayala aangalie mifuko yote ya begi na jaketi. Risasi moja iliyosahaulika inaweza kumfanya alale mahabusu badala ya nyumbani, iwe ni JKIA au uwanja wa huko anakotoka. Ganda tupu linaloning'inizwa kwenye funguo nalo huleta maswali. Kuhusu pembe, ngozi au nyama iliyokaushwa, asilete kitu kabla ya kuuliza Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, ambalo makao yake makuu yako Lang'ata Road, pamoja na maafisa wa forodha.

*4. Nyama unayonunua.* Katiba, katika Jedwali la Nne, iliipa kaunti kazi ya vichinjio, huduma za mifugo na usalama wa chakula kinachouzwa. Ng'ombe au mbuzi anayechinjwa kihalali, kwa mfano kule Dagoretti, hukaguliwa, na mzoga hupigwa muhuri kabla ya kufika kwenye bucha za City Market, Kawangware au Kangemi. Mnyama wa porini hapiti kwa mkaguzi yeyote. Anaweza kuwa na kimeta au brusela. Anaweza kuwa amekufa kwa sumu au kwa kitanzi cha waya siku mbili zilizopita. Na kama alipigwa risasi, chembe zile za madini tulizozitaja zimo ndani. Uwe na shaka na nyama iliyotolewa mifupa yote, iliyo nyekundu ya kuiva na isiyo na mafuta, inayouzwa kwa bei ya chini kuliko ya soko, na ambayo muuzaji hawezi kukuonyesha mzoga wenye muhuri. Una haki ya kuomba kuonyeshwa muhuri. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

*5. Risasi ya hewani.* Kichwa kile cha greni 150 kikipigwa kwa pembe ya kuinuka kinaweza kwenda zaidi ya kilomita 3. Huo ni umbali wa kutoka Posta Kuu ya Kenyatta Avenue hadi Yaya Centre, na katikati kuna makumi ya maelfu ya watu. Kikipigwa wima, hurudi chini kikiwa kimepungua mwendo, lakini bado kinaweza kuanguka kwa mita 60 hadi 90 kwa sekunde, mwendo unaotosha kupasua fuvu la mtoto. Hata mwenye leseni hana ruhusa ya kusherehekea mwaka mpya kwa njia hiyo. Ukimwona mtu akifanya hivyo, ingia ndani ya nyumba kwanza, kisha pigia polisi.

Maswali na majibu

*Nina leseni ya bunduki. Naweza kwenda kuwinda swala katika shamba la rafiki yangu huko nje ya jiji?*
Hapana. Leseni ya silaha hairuhusu uwindaji. Wanyama pori wote, hata walio ndani ya shamba la mtu binafsi, wanalindwa na sheria.

*Chui au nyani ameingia uani kwetu Karen. Nifanye nini?*
Ingiza watoto na mbwa ndani, funga milango, na upigie KWS au polisi. Usimfuate na usimrushie kitu. Wanyama hao hutoka hifadhini na kwenye misitu iliyo jirani, na mara nyingi huondoka wenyewe wakiachiwa njia.

*Nimekuta ganda tupu barabarani. Lina hatari?*
Ganda tupu halilipuki, lakini linaweza kuwa ushahidi. Liache pale pale na ujulishe polisi. Kama hujui kulitofautisha na risasi nzima, lihesabu kuwa risasi nzima.

*Nikiwa Marekani kihalali, naruhusiwa kuwinda?*
Hilo linaamuliwa na sheria za jimbo unaloishi. Majimbo hutoa vibali vya uwindaji na mengi yanadai mafunzo kabla ya kukupa kibali. Mgeni ana masharti ya ziada kuhusu kushika silaha, na kosa dogo linaweza kuathiri viza yake. Uliza mamlaka za huko kabla ya kukubali mwaliko wa rafiki.

Kwa kumalizia

Mwindaji mzuri wa ayala hujiuliza maswali matatu kabla ya kugusa kifyatulio: mnyama huyu ana uzito gani, risasi yangu itazama kiasi gani, na nyuma yake kuna nini? Jibu la lile la tatu, katika jiji lenye watu zaidi ya milioni nne, ni moja tu: nyuma kuna mtu. Swala wetu nao, ambao unaweza kuwaona Jumapili asubuhi kwa tiketi ya hifadhi ukiwa na majengo ya katikati ya jiji nyuma yao, tumeamua kama taifa kwamba hatutawapimia greni tena.

Angalieni stoo zenu wiki hii, angalieni muhuri kwenye bucha, na mkumbusheni binamu yule wa Novemba akague mifuko ya jaketi lake kabla ya kupanda ndege.